Somo la Kujifunza: Jinsi ya Kuyashinda Mawazo ya Kukata Tamaa

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wafalme 19:1-18, Zaburi 42, 2 Wakorintho 1:3-7.

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya jambo linalowasumbua Wakristo wengi, nao hawalitaji mbele ya watu. Ni mawazo yale yamjiayo mtu usiku, watu wa nyumbani wakiisha kulala: kwamba Mungu amemwacha, kwamba sala zake hazifiki, kwamba dhambi aliyoitubu zamani haikusamehewa, kwamba kazi yake ni bure, na hata maisha yake hayana faida tena. Mjane huyawaza penye kitanda kilichobaki kitupu. Mkulima huyawaza mvua ikiisha kumpita mwaka wa pili. Mwinjilisti huyawaza Jumapili jioni, akikumbuka jinsi watu walivyokuwa wachache kanisani. Asubuhi wote hawa huamkiwa na jirani zao, nao huitikia kama desturi, "Hatujambo," wala hakuna ajuaye.

Jambo hili lina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni ya mwenye mawazo hayo mwenyewe. Yeye hudhani kwamba kuyapata tu ni ushahidi kuwa hana imani, na kwa hiyo huongeza huzuni juu ya huzuni. Hatari ya pili ni yetu sisi tulio wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa. Twaweza kumwambia upesi, "Imani yako ni haba, ongeza kuomba," kisha tukaenda zetu. Neno hilo halimponyi, lamfunga kinywa. Naye akiisha kunyamaza, hubaki peke yake pamoja na adui yake. Basi na tulitazame jambo hili katika Maandiko, kisha katika maisha ya Martin Luther, ambaye alilijua sana, kisha katika sharika zetu wenyewe.

I. WAZO KUJA SI DHAMBI

Kila aliyelima mtama aijua kazi ya kuamia ndege. Mlinzi hupanda juu ya dungu na kombeo lake tangu alfajiri. Je, aweza kuwakataza ndege wasipite angani? Hawezi, wala mwenye shamba hamdai hivyo. Alilowekewa ni kuwazuia wasitue na kula. Ndege wakipita elfu juu ya shamba, mlinzi hana hatia. Bali akilala usingizi, wakatua na kukaa, hapo mavuno hupotea.

Luther naye alipenda kutumia mithali ya kale ya baba mmoja wa jangwani juu ya ndege warukao juu ya kichwa cha mtu na ndege wajengao kiota katika nywele zake. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza ombi la sita la Sala ya Bwana, alipambanua mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kulisikia jaribu moyoni ni jambo moja. Kulikubali na kulifuata ni jambo lingine. Alifundisha kwamba wote hawana budi kulisikia, ingawa si wote kwa namna moja: vijana hujaribiwa zaidi na mwili, watu wazima na ulimwengu, na wale washughulikao na mambo ya roho hujaribiwa na Ibilisi mwenyewe, awatiaye mashaka na kukata tamaa. Mwinjilisti na asome mahali hapo mara mbili. Huko kushambuliwa kwake si alama ya kutupwa.

Maandiko yashuhudia vivyo hivyo. Mtunga Zaburi ya 42 alikuwa mtu wa Mungu, naye asema wazi kwamba machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Ayubu, ambaye Mungu mwenyewe alimsifu kwa uelekevu wake, aliilaani siku aliyozaliwa. Yeremia alifanya hivyo hivyo. Na zaidi ya wote, Bwana wetu Yesu Kristo katika Gethsemane aliwaambia wanafunzi watatu kwamba roho yake ina huzuni nyingi, kiasi cha kufa (Marko 14:34). Yeye hakutenda dhambi kamwe. Basi huzuni peke yake haiwezi kuwa dhambi, wala kuitaja mbele ya rafiki hakuwezi kuwa aibu, maana Bwana wetu aliitaja.

II. ELIA CHINI YA MRETEMU

Habari za Elia katika 1 Wafalme 19 twazijua tangu utoto, lakini mara nyingi twazipita mbio ili tufike penye ile sauti ndogo ya utulivu. Leo tutembee polepole, tuone ni kwa taratibu gani Mungu alimtibu mtumishi wake.

Kwanza tuone jinsi Elia alivyofika pale. Alikuwa ametoka katika ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli. Maana yake ni hii: mawazo ya kukata tamaa hayangoji siku za kushindwa tu, huja hata baada ya kazi njema, mwili ukiwa umechoka. Akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Ni kama moto uliotengwa na kuni. Akiisha kuketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Je, Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumtolea hotuba. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika amguse, ampe mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula, akasema maneno ya huruma, kwamba safari hii ni kubwa kuliko nguvu zake. Tazameni, ndugu: kabla ya neno la mlimani, ulitangulia usingizi, na mkate, na maji, na mkono umgusao. Mungu aliyeumba mwili hakudharau mwili.

Baadaye, mlimani Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini hapo. Alimwuliza mara mbili, akamwacha aseme yote yaliyo moyoni, hata alipoyarudia maneno yale yale. Elia alisema kwamba yeye peke yake ndiye aliyesalia. Hilo ndilo wazo lililokuwa likimla ndani, na wazo hilo halikuwa kweli. Mungu alilijibu mwishoni kwa hesabu: wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali goti. Elia hakuwaona, lakini Mungu aliwajua. Ndivyo yalivyo mawazo ya giza. Huchukua kipande kimoja cha kweli, yaani hatari ya Yezebeli, na kukifanya kuwa kweli yote. Huwezi kulisahihisha wazo la namna hiyo kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa ni macho yenyewe yaliyotiwa giza. Elia alihitaji kuambiwa na mwingine.

Tena Mungu akampa kazi ya kufanya, na mwenzi wa kuifanya pamoja naye, Elisha mwana wa Shafati. Yule aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba alirudi kutoka jangwani, akapata mtu wa kumfuata na kumtumikia. Twaweza kukumbuka taratibu hii kwa maneno sita: usingizi, chakula, kusikilizwa, neno la kweli, kazi, na mwenzi.

III. MARTIN LUTHER NA FADHAA YA MOYO

Watu wengi wamjua Luther kama mtu shujaa aliyesimama mbele ya Kaisari mwaka 1521. Wachache wajua kwamba mtu huyo huyo aliteswa mara nyingi na fadhaa ya moyo. Yeye mwenyewe hakuificha. Aliandikia rafiki zake akawaomba wamwombee.

Mwaka 1505, akiwa kijana wa miaka 21, aliingia nyumba ya watawa katika mji wa Erfurt. Huko alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake tena na tena, wala hakupata amani, kwa sababu alikuwa akitafuta ndani yake mwenyewe alama kwamba Mungu amempokea. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alimfundisha aache kujichungulia, amtazame Kristo aliyejeruhiwa kwa ajili yake. Neno hilo lilikuwa mbegu. Lilichukua miaka kuota.

Lakini hata baada ya kuijua Injili, vita havikukoma. Tarehe 6 Julai 1527 Luther alipatwa na shida kubwa ya roho asubuhi, na jioni mwili wake ukaanguka hata akadhani anakufa. Alikuwa na mke, Katharina, na mtoto mmoja wa mwaka mmoja tu. Siku hiyo hakujifungia peke yake. Alimwita Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, akaungama kwake na kuomba asikie ondoleo la dhambi. Fikirini jambo hili. Mwalimu aliyewafundisha maelfu habari za msamaha hakujihubiri mwenyewe. Alitaka asikie msamaha kutoka kinywani mwa mchungaji wake. Mwezi wa Agosti tauni ikaingia mjini. Chuo kikuu kikahamia Jena, bali Luther na Bugenhagen wakabaki kuwatunza wagonjwa, na nyumba ya Luther ikawa kama hospitali. Mwezi wa Desemba Katharina akazaa binti, Elisabeth; mtoto huyo akafa mwezi wa Agosti 1528. Basi tunapoimba ule wimbo wa Luther utokao katika Zaburi ya 46, uliojulikana kwa chapa tangu mwaka 1529, tusidhani kwamba uliandikwa na mtu asiyejua kilio. Miaka hiyo ilikuwa miaka ya giza nyumbani mwake.

Mwaka 1530 Kaisari Karl V aliita mkutano mkuu katika mji wa Augsburg, na tarehe 25 Juni Ungamo letu likasomwa mbele yake. Luther hakuweza kwenda, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya Kaisari. Akakaa katika ngome ya Coburg tangu Aprili hata Oktoba. Huko, mwanzoni mwa Juni, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akachukua Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia sana. Inasimuliwa pia kwamba aliandika ukutani mwa ngome ile mstari wa 17 wa Zaburi ya 118, pamoja na alama za muziki wake. Mstari huo ni wa mtu asemaye kwamba hatakufa bali ataishi, ayasimulie matendo ya Bwana. Haukutosha kukaa moyoni. Aliuweka mahali ambapo macho yangeuona.

Katika Julai ya mwaka huo, yeye aliyekuwa anateswa mwenyewe, alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekaa nyumbani kwa Luther akimfundisha mwanawe. Weller alikuwa mtu wa huzuni nyingi. Luther hakumlaumu. Alimweleza habari za Staupitz, jinsi naye alivyofarijiwa zamani. Alimwonya aukimbie upweke, atafute watu, azungumze, acheke, asibishane na Ibilisi kwa muda mrefu. Na Ibilisi akimtupia dhambi zake na kumwambia kwamba anastahili mauti, amjibu kwamba ni kweli, anastahili. Lakini yuko mmoja aliyeteswa na kulipa kwa ajili yake, ndiye Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, na alipo yeye, ndipo Weller atakapokuwa. Angalieni jibu hili. Halisemi, "Mimi si mbaya kama unavyosema." Mtu akianza kujitetea kwa wema wake, atashindwa, maana mshitaki huyo ana kumbukumbu nzuri. Jibu lamwelekeza mshitaki kwa Kristo.

Weller hakupotea. Miaka ya baadaye akawa mwalimu wa elimu ya Mungu katika mji wa Freiberg, akaishi mpaka mwaka 1572, akiwafariji wengine wenye mzigo kama wake. Staupitz alimfariji Luther. Luther akamfariji Weller. Weller akawafariji wengine. Ndivyo Mtume Paulo alivyofundisha katika 2 Wakorintho 1:4: faraja tuipatayo hatupewi tuifiche.

Dada yake Weller, Barbara Lisskirchen, alisumbuliwa na wazo jingine: kama yeye yumo katika wateule wa Mungu au hayumo. Luther alimwandikia mwaka 1531. Alimshauri ajiulize swali moja: ni katika amri gani Mungu amemwagiza kuyachunguza hayo? Asipoiona amri, ajue kwamba wazo hilo halikutumwa na Mungu, amwachie Mungu kazi ya Mungu, yeye amtazame Kristo. Swali hili lafaa kwa watu wengi. Wako wakaao usiku kucha wakipima mambo ambayo Mungu hakuwapa kipimo chake.

Na katika Novemba 1532 alimwandikia Jonas von Stockhausen, ofisa wa mji wa Nordhausen, aliyekuwa amechoka na uhai. Pamoja na barua hiyo alimwandikia mkewe pia, maneno mafupi ya kazi: asimwache mumewe peke yake hata kitambo kidogo, wala asiache karibu naye kitu ambacho aweza kujidhuru nacho, upweke ni sumu kwake, amsomee na kumsimulia habari za kumchangamsha. Kwa Luther, kuiamini rehema ya Mungu na kuiondoa hatari nyumbani yalikuwa mambo yaendayo pamoja.

IV. NENO LITOKALO NJE

Sasa twaweza kusema neno kuu la somo hili. Mawazo ya kukata tamaa hayashindwi kwa mawazo mengine tuyatungayo wenyewe ndani ya moyo ule ule uliojeruhiwa. Hushindwa kwa neno litokalo nje yetu, neno la ahadi, ambalo halibadiliki tukichangamka wala tukihuzunika.

Wahenga wetu walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akitafuta ndani yake kama ana imani ya kutosha, leo ataiona, kesho hataiona. Maji ya kisima kilichovurugwa hayamwonyeshi mtu uso wake. Kwa hiyo Mungu kwa rehema zake ameiweka ahadi yake mahali ambapo fadhaa yetu haiwezi kuifikia na kuiharibu.

Ameiweka katika Ubatizo. Katika Katekisimo Kubwa Luther afundisha kwamba dhambi na dhamiri zikitushitaki, tujibu kwamba hata hivyo tumebatizwa, na kwa kuwa tumebatizwa tuna ahadi ya wokovu, ya roho na ya mwili pia. Mkristo hajibu kwa kusema, "Nasikia moyoni mwangu ya kuwa Mungu anipenda," maana saa ile hasikii kitu. Hujibu, "Nalibatizwa." Jambo hilo lilitendeka siku fulani, kwa maji halisi, mbele ya mashahidi, na wengi wetu tumeandikwa katika kitabu cha usharika. Shetani aweza kubishana na ninavyojisikia. Hawezi kuifuta siku ile.

Ameiweka katika ondoleo la dhambi, mchungaji anenapo kwa agizo la Kristo. Ameiweka katika Chakula cha Bwana, ambapo mwili na damu yake hutolewa kwa ajili yako wewe, si kwa ajili ya watu wengine tu. Na katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther aliongeza njia nyingine ambayo twaisahau: mazungumzo ya ndugu wafarijianao. Mkristo wa kawaida, asiye na joho, akimwambia mwenzake mwenye hofu habari ya rehema ya Kristo, neno hilo ni neno la Mungu.

Bwana Yesu mwenyewe alipojaribiwa nyikani (Mathayo 4) hakutunga hoja mpya. Mara tatu alijibu kwa maneno yaliyokwisha kuandikwa katika Kumbukumbu la Torati. Ikiwa Mwana wa Mungu alisimama juu ya neno lililoandikwa, sisi tutasimama juu ya nini?

V. MAMBO YA KUTENDA

Kwako wewe uliye na mzigo huu:

1. Usibishane usiku. Wazo lijapo saa nane za usiku, usilipe kiti. Sema kwa sauti, hata kama ni ya chini, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana. Sauti yafaa, kwa kuwa sikio nalo lahitaji kusikia. Katekisimo Ndogo yatufundisha kufanya hivi asubuhi na jioni, kisha asubuhi kwenda kazini kwa furaha, na jioni kulala mara moja kwa amani. Maneno hayo ya kulala ni sehemu ya mafundisho pia.

2. Mtafute mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwambie mchungaji, au mzee, au rafiki mcha Mungu ajuaye kutunza siri. Usingoje upate maneno mazuri, sema tu, "Moyo wangu mzito, niombee."

3. Usiache ibada kwa sababu hujisikii kuabudu. Mtunga Zaburi ya 73 hakuelewa neno lo lote mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Usipoweza kuimba, keti uwasikilize wengine wakiimba kwa ajili yako.

4. Fanya kazi ndogo iliyo mbele yako. Palilia tuta moja. Osha vyombo. Mpelekee mgonjwa uji. Elia alipewa kazi kabla hajajisikia kuwa shujaa tena.

5. Usiuogope mlango wa hospitali. Uko uzito wa moyo utokao katika ugonjwa. Mtu akikosa usingizi majuma mengi, akakataa chakula, asipendezwe na kitu cho chote, ni haki aende kwa daktari, kama aendavyo mwenye malaria. Luther naye katika ile siku ya Julai 1527 alitunzwa na tabibu, wala hakuona kwamba dawa yamnyang'anya Mungu utukufu. Kumeza dawa si kupungukiwa na imani.

Kwetu sisi tulio wainjilisti na wazee:

1. Tusikilize kwanza. Mungu alimwuliza Elia mara mbili. Sisi huwa twajibu hata kabla ya kuuliza mara moja.

2. Tusipime imani ya mtu mwenye huzuni. Imani iliayo gizani, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" bado yamwita Mungu "wangu."

3. Twende na kitu mkononi. Malaika alileta mkate. Unga kidogo, kuni, au saa moja ya kumshikia mtoto, mara nyingine hufungua mlango wa neno.

4. Tulete neno fupi. Aya moja iliyosomwa polepole yatosha, na sala isiyozidi pumzi ya mgonjwa. Kisha turudi tena siku ya tatu. Kurudi ndiko kuhubiriko.

5. Mtu akisema kwamba hataki kuishi, tusimgombeze wala tusimcheke, wala tusiseme kwamba anatisha tu. Tufanye kama Luther alivyomwagiza mke wa Stockhausen: asiachwe peke yake, kamba, dawa za shambani na vyombo vyenye makali viondolewe, apelekwe hospitali upesi akisindikizwa, na mchungaji aitwe. Siri ya mtu yatunzwa, lakini uhai wa mtu ni mkubwa kuliko siri.

VI. VITA VYA SIKU NYINGI

Mtu asidhani kwamba akiisha kulisoma somo hili mawazo hayo yatakoma kesho. Mlinzi wa mtama hupanda dungu kila alfajiri mpaka mavuno. Luther aliendelea kupigana na fadhaa hizo miaka mingi, wala hatukusikia kwamba zilimwacha kabisa. Alifariki tarehe 18 Februari 1546 huko Eisleben, mji aliozaliwa, akiungama imani ile ile. Ushindi wa Mkristo si kutoshambuliwa. Ushindi wake ni kwamba, akishambuliwa, anaye wa kumkimbilia. Akianguka, yuko wa kumwinua. Na neno alilopewa katika Ubatizo wake lasimama asubuhi kama lilivyosimama jana, hata kama yeye hakulala.

Kwa hiyo, ndugu, mmoja wetu akija na kusema, "Nadhani Mungu ameniacha," tusishangae, wala tusimkimbie. Amekuja mahali pake. Kanisa ni watu wa namna hiyo, waambianao neno ambalo kila mmoja hawezi kujiambia vizuri peke yake.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Kuna tofauti gani kati ya kulisikia jaribu na kulikubali? Toeni mfano wa nyumbani.
2. Taja mambo sita ambayo Mungu alimpa Elia. Ni lipi ambalo usharika wetu hulisahau mara nyingi?
3. Kwa nini Luther alimwita Bugenhagen, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Injili?
4. Mkristo akisema "nalibatizwa," anajibu shitaka gani?
5. Ni nani katika mtaa wetu ambaye hajaonekana kanisani tangu alipofiwa? Nani atakwenda kwake juma hili, naye atachukua nini mkononi?

SALA

Bwana Yesu Kristo, wewe uliyehuzunika katika Gethsemane, wajua mzigo ambao hatuwezi kuutaja. Utukumbushe Ubatizo wetu tunapojisahau. Utupe ndugu wa kutuambia neno lako, nasi utufanye kuwa ndugu wa namna hiyo kwa wengine. Uwalinde usiku huu wote waliochoka na uhai, uwape usingizi, na asubuhi uwatumie mtu. Amina.